Birindwa na Swali la Mavazi

"Hii maaskari yote inatoka leo, mbele watu wa matanga wafike!"

"Maman, hapana. Ni kazi ya papa."

"Nilikimbia maaskari, Maombi. Sikukuja huku kuishi nao kabatini!"

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo wa mama na binti niliukuta juzi nyumbani kwa marehemu Birindwa, mjini Inver Grove Heights, nikiwa mlangoni na sufuria ya pilau. Ningerudi kwenye gari, lakini sufuria ilikuwa inaniunguza. Nikaingia.

Leo tunamkumbuka Birindwa. Alizaliwa Bukavu. Moyo wake ulisimama wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee. Jioni alipaka rangi askari wa plastiki, warefu kama kidole. Askari wa miguu wa Ufaransa, wa mwaka 1914. Hao tu.

Kabla ya kushika brashi, Birindwa alisoma. Aliagiza vitabu vya Kifaransa, akakagua picha kwa lenzi. Koti la buluu, vifungo safu mbili, sita kila safu. Suruali nyekundu. Safari moja alimaliza kofia nyekundu arobaini, kisha akasoma kwamba vitani zilifunikwa kitambaa cha buluu. Akazipaka upya zote arobaini. Nilimwambia huo ni wazimu. Akacheka: "Mama Stacy, ukikosea kofia, umemvalisha mtu mwingine."

Sababu nimeielewa juzi, kutoka kwa Maombi, bintiye. Kule kwao, kaka yake Birindwa aliuawa na watu wenye bunduki. Mpelelezi akamuuliza Birindwa: walivaa nini? Birindwa alikuwapo, lakini walikuwa wamemlaza kifudifudi. Hakujua. Faili likafungwa.

"Papa alisema hatashindwa tena kueleza mtu alivaa nini," Maombi alisema.

Donatille, mjane wa Birindwa, akaketi.

"Aliniuliza miaka kumi na tisa. Nikasema sikuona. Niliona. Niliogopa atarudi kuwatafuta."

Donatille, Maombi, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni ni nani nyumbani anayesubiri jambo mnalolijua. Msimngojeshe mpaka matanga. Nasema haya kwa ruhusa ya Donatille. Juzi, pale pale, aliwasogeza askari pembeni mwa meza, akampa bintiye kalamu.

"Andika. Walikuwa wanne. Wa kwanza alivaa viatu, bote za mvua, za kijani. Koti halikuwa lake. Mikono ilimfika kwenye vidole."