Fundi Vijiko, Kwenda na Kurudi

Tarehe thelathini mwezi huu Fundi Vijiko anafunga kazi, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya nyambizi ndogo. Sherehe ameikataa. Anataka aondoke kimya, kama paka aliyekula mboga. Mimi niliyefagia chini ya meza yake miaka yote hiyo, isipokuwa miwili, nimekataa kukataa kwake. Shule sikuikanyaga, mjukuu wangu anaandika, mimi nasema. Akipunguza neno nitajua, maana atanisomea.

Alikuja kijana mwembamba, shati limemning'inia kama limeanikwa. Nyambizi zetu ni za mtu mmoja, mfano wa pipa la plastiki lililolala, na bwawa letu ni tope tupu. Dereva akizama hajui kama anakwenda au amesimama, na hewa yake ni ya kuhesabu. Vipima mwendo vya dukani havikuenea kwenye vyombo vidogo hivyo. Fundi akasema atatengeneza chake.

Wiki hiyo vijiko vyangu sita vya chai vikapotea. Nilimshuku mlinzi, nikamshuku karani, nikawanyima wote chai siku mbili. Kumbe fundi amevikata mipini, akavipanga kuzunguka kigurudumu na kukifunga nje ya nyambizi, kizungushwe na maji. Kwenye kigurudumu akagundisha sumaku. Ndani akaweka kipima mwendo cha baiskeli, kikawa kinaihesabu sumaku kila inapopita, bila kutoboa chombo hata tundu la sindano. Tulicheka mpaka meneja akatoka ofisini. Jina la Vijiko likamganda palepale.

Sasa niseme lile ambalo wengine humu huliruka.

Kipima mwendo hufundishwa. Walisimika nguzo mbili bwawani, dereva akatoka ya kwanza hadi ya pili, fundi kashika saa, kisha akairekebisha namba. Alipima upande mmoja tu, ule wa kuelekea mlango wa bwawa, ambako maji hujivuta yenyewe. Mkondo ukamsukuma dereva, na kipimo kikajifunza uongo: pasipo na mkondo, kikawa kinasema chombo kimefika mbali kuliko kilipofika.

Dereva alikuwa mwanangu wa kwanza. Siku ya tatu alitakiwa apite chini ya tishari, lile boti bapa la kubebea mchanga, lililofungwa mbali na mlango, aibukie upande wa pili. Akatazama kipimo, akatazama saa, akaona ameshapita. Akapanda. Alikuwa bado chini ya tishari, akanasa. Walipomtoa, hewa ilikuwa imekwisha, na yeye pia.

Tulipotoka kuzika, watu walisema mashine imeharibika, kazi ya Mungu. Fundi angeweza kunyamaza. Alikuja kwangu, hakukaa.

"Mama, nilipima kwenda tu. Sikupima kurudi."

Nikamwambia atoke. Miaka miwili nilifagia kuizunguka meza yake kana kwamba hapana mtu.

Lakini macho sikuyafumba. Nilimwona akipima kila kipimo kwenda, kisha kurudi, akijumlisha na kugawa kwa mbili. Kwa mvua, kwa jua, na kikohozi kifuani. Meneja akimharakisha, alitikisa kichwa tu na kuirudia nguzo ya kwanza. Vipimo mia mbili na kumi na vinne vimetoka mikononi mwake tangu hapo, na kila dereva aliyezama navyo amerudi kula kwake. Mwaka wa tatu nilimwekea chai mezani, bila kijiko. Akaikoroga kwa bisibisi.

Mjukuu huyu anayeandika, aliyeachwa na huyo mwanangu angali tumboni, kafundishwa kazi na fundi huyohuyo. Kuanzia tarehe mosi meza ile ni yake. Mara mbili ametaka kuzifuta sentensi hizi. Nimemwambia aziache.

Kile kipimo cha kwanza fundi amekificha kwenye droo yake. Hakitumii wala hakitupi. Mkewe alitangulia, na mtoto hawakujaliwa. Najua anachokiogopa: akikaa nyumbani peke yake, bila cha kupima, itabaki siku ile moja tu na ile droo. Nimewaona wastaafu wa namna hiyo. Hawamalizi mwaka.

Fundi, karakana nzima inakushukuru, na mimi zaidi yao. Uliyokuwa ukiogopa yasemwe yamekwisha kusemwa, na aliyeyasema ni mimi, tena mbele ya kila atakayesoma. Basi njoo kwenye sherehe yako. Kiti chako kiko kando ya changu. Na kila Jumapili mchana sahani yako iko kwangu. Usipotokea nitakufuata na goti langu hili bovu, na majirani zako watasikia.

Tunakuombea siku nyingi na zenye watu, mwanangu. Na hiyo Jumapili ya kwanza, fungua ile droo. Uje na vijiko vyangu.