Kabureta ya Midomo Miwili

Mwaka ule petroli ilikuwa ya kibali. Kwenye basi la Musoma kwenda Bunda nilikaa nyuma ya fundi mmoja aliyekuwa akijisifu kwa mama aliyepakata dumu tupu. "Lile gari la parokia, la Australia, la silinda sita," alisema, "lilikuwaga na kabureta ya mdomo mmoja tu wa kunyweshea injini petroli, linapanda mlima kwa mwendo wa bibi harusi. Nimelifungia ya midomo miwili niliyoitoa kwenye lori bovu. Sasa linaruka." Hakuna aliyemuuliza, lakini fundi hangoji kuulizwa.

"Linaruka kwenda wapi?" mama akauliza.

"Popote, mama. Lina nguvu."

"Mimi ni nesi wa zahanati, Butiama. Gari hilo linabebaga wagonjwa wangu. Lita kumi na tano za kibali zilikuwa zinatupeleka Musoma na kurudi, na nyingine zinabaki. Jana zimetuishia Makutano, hatujafika nyumbani. Nani alikutuma?"

"Padri alisema niisafishe kabureta tu," fundi alijibu, sauti imepungua. "Nikaona niwasaidie."

"Mgonjwa anataka kufika, hataki kuruka. Tangu asubuhi nazunguka Musoma na dumu hili. Ofisi ya vibali wananiambia wiki ijayo."

"Lakini kwa nguvu, mama, huwezi kukataa kwamba..."

Basi likasimama Makutano, penye njia panda ya Butiama. Gari lilikuwa pale kando ya barabara, limejaa vumbi. Nesi akainuka, akamwekea fundi dumu mapajani.

"Shuka na hizo nguvu," alisema. "Tunasukuma mpaka Butiama."