Makontena Meupe na Mayai ya Shemeji

Nianze kwa kukiri. Jumapili iliyopita nilimwambia shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, jambo nisilolijua, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Nilimwambia yale makontena meupe pale kituo cha umeme ni betri kubwa, yanameza umeme wa jua mchana na kuutoa jioni, kwa hiyo giza limekwisha. Akaniamini. Betri yake ya akiba akampa mdogo wake, akasafiri nayo. Na mashine yake ya kutotoleshea vifaranga ina mayai themanini na nane. Jana jioni umeme ukakatika. Bahati ilikuwa nusu saa tu. Leo asubuhi nikarudi pale nilipoyaokota maneno yale: benchi la Soli, fundi viatu, linalotazamana na makontena. Walikuwepo Antena, mwenye habari zote, na Breki, dereva mstaafu wa malori, kila mtu na kikombe chake cha kahawa.

— Antena, si ulisema umeme ukikatika makontena yatashika? nikauliza.

— Yatashika. Bado yanachajiwa. Betri mpya lazima uiache iishe kabisa kwanza, ndipo uichaji. Hata simu yako uliambiwa hivyo dukani.

— Sasa itaishaje na haijatoa umeme? Soli aliuliza, misumari mdomoni.

— We gonga viatu.

Breki akakohoa.

— Nimeendesha miaka thelathini. Betri isipotembea, inalala. Zile zinatakiwa zizungushwe mjini walau mara moja kwa wiki.

— Makontena ishirini, Breki?

— Unadhani kwa nini wameweka makontena? Kama si ya kutembea, wangejenga nyumba!

— Acheni hizo, Antena akasema. Tangu Jumatatu kuna mawingu. Umeme ulioingia mle ni wa jua hafifu, ukitoka unatoka umechoka. Taa yangu jana ilikuwa ya njano.

— Taa yako ina vumbi la mwaka juzi!

Mimi kichwa kilinizunguka. Kila aliyemaliza kusema, nilikubaliana naye.

Mara shemeji akatokea, aproni kiunoni, kipimajoto mkononi.

— Hamjambo, kina baba.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Sikai. Nauliza moja tu. Umeme ukikatika leo jioni, haya makontena yatashika, au hayatashika? Mayai yamefika siku ya kumi na nane, bado tatu yaanguliwe. Yakipoa, vifaranga watanifia ndani.

Breki alichungulia kikombe chake. Antena akainama kufunga kamba za viatu, kumbe amevaa ndala. Soli akatema misumari kiganjani.

— Mama, hatujui.

Shemeji akanigeukia.

— Lakini wewe ulisema unajua.

— Sikujua, shemeji. Niliyasikia hapa hapa, nikakuletea kama yangu. Nisamehe.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliyatazama makontena, akanitazama mimi.

— Basi nitafutie betri kabla ya saa kumi na mbili.

Nimeshapita milango sita. Yale makontena siyaelewi mpaka sasa, na Mungu akinijalia sitayasemea tena. Ndugu yangu, kama una betri nzima ya gari, niazime siku tatu tu. Nitaibeba mwenyewe.