Yu-chai, Aliyewatoa Wazazi Kitandani

Ndugu, jamaa na majirani zetu wa Lukang, mpendwa wetu Su Yu-chai alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtaa huu wa nyuma ya soko, binti wa pili wa Mzee Su, fundi wa taa za karatasi, na alipokuwa na miaka minne mama yake alijifungua, akalazwa chumbani ili atimize mwezi mzima kama desturi yetu ilivyo, asiguse maji, asikanyage sakafu, upepo usije ukamwingia, na siku ya ishirini na tatu mguu ukavimba, pumzi ikakatika, watu wakasema, "Upepo umemwingia."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, akashona viatu kiwandani, na tarehe 6 Februari 1972 akaolewa na kaka yetu Hsieh Wen-tse, muuza tofu, aliyezoea kumtania, "Wewe ni mke au kengele?" naye akijibu, "Nikinyamaza utauza nini, uvivu?" wakajaliwa binti mmoja, Shu-hui.

Mwaka 1996 Shu-hui alimzaa Pei-jung, na Yu-chai mwenyewe ndiye aliyemfungia chumbani, akimlisha kuku wa mafuta ya ufuta, akimfokea, "Lala wewe, unautaka upepo?" hadi siku ya kumi na tisa mguu wa Shu-hui ulipovimba kama gogo, wakakimbilia hospitali, daktari akapima damu ya mama na binti, akasema, "Mama, hapa hakuna upepo, ni damu ya kurithi, imepungukiwa kile kinachoizuia isigande ovyo, Wazungu wana kasoro yao, sisi watu wa huku tuna yetu, na mzazi mwenye damu hii akilala tu, inaganda."

Yu-chai akasema, "Kumbe mama yangu tulimlaza mpaka akafa."

Shu-hui akatibiwa, akapona, na tangu hapo Yu-chai aliingia bila hodi nyumba za wazazi waliojifungua, nasi wifi zake tukawa wa kwanza kumtukana, "Mwendawazimu we, utaua mtoto wa watu!" naye akicheka, "Nitukaneni, dada zangu, lakini mwacheni azunguke meza, halafu akapimwe damu."

Tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2023 alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa, na pamoja na sindano zote za kuizuia isigande, damu ile ikamfuata hadi mapafuni, akafariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wenzake wa kiwandani mliokuja na mikongojo yenu.

Mjukuu wake Pei-jung, aliyerithi damu hiyo, alijifungua tarehe 5 Novemba, na kwa kuwa mzazi haendi msibani hamumwoni hapa, lakini yuko nyumbani, amechomwa sindano yake, anazunguka meza, maana bibi alimwagiza, "Usinililie umelala, mwanangu, nililie ukitembea," na leo ni siku ya ishirini na tatu tangu ajifungue.

Lala sasa, Yu-chai, kwa amani, mjukuu wako yuko wima.