Aliyesimama Chini ya Ngazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha biolojia chuoni kwetu, mwalimu ambaye wanafunzi wanamwita Mama Ngazi anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa nilikuwa mkuu wa idara alipoajiriwa. Naandika polepole, mrija wa oksijeni ukiwa puani, na daktari hanifichi kwamba siku zangu ni chache.

Somo lililomtoa jasho lilikuwa mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria, sehemu ya seli inayogeuza chakula kuwa nguvu. Wanafunzi walilikariri, wakafanya mtihani, wakalisahau. Ndipo akawapanga kwenye ngazi za maabara, baadhi yao wakiwa na pampu za mkono. Machungwa yalikuwa elektroni zinazotoka kwenye chakula. Yalishuka mkono kwa mkono, na kila yalipomfikia mmoja wa wenye pampu, huyo alisukuma maji hadi kwenye tangi la juu. Maji yalikuwa protoni. Yaliporudi chini kwa bomba jembamba yalizungusha gurudumu, na gurudumu likawasha taa ndogo. Ndani ya seli, gurudumu hilo hutengeneza ATP, molekuli inayobeba nguvu tunayotumia hata kufumba jicho.

Siku ya kwanza alisahau kumweka mtu chini kabisa. Machungwa yakamjaa mikononi kijana wa mwisho, wa juu yake naye akakwama, pampu zikasimama, taa ikafifia. Kijana akauliza, “Mwalimu, nimpe nani?”

Mama Ngazi alikuwa ameshafungua kinywa aombe radhi. Badala yake akashuka, akasimama chini, akapokea. Taa ikawaka. Yeye ndiye oksijeni, akawaambia. Anapokea elektroni zilizochoka, anaungana na protoni, na hapo yanapatikana maji halisi. Tangu hapo kila mwaka alilirudia kosa lile kwa makusudi. Kuna mwaka elektroni kadhaa ziliyeyuka kabla ya somo, na maganda yakaonekana mfukoni mwa mtu. Alisema tu kwamba huyo naye ametengeneza nguvu, kwa njia ya mkato.

Sasa niseme nisilowaambia hata wanangu. Mwaka huu nilikuwa nimekata tamaa. Mkwe wangu ananilisha, mjukuu ananivisha soksi, nami nikaona mtu wa kupokea tu ni mzigo. Usiku nilianza kuuvua mrija. Mama Ngazi alipokuja kunijulia hali nilimweleza yeye peke yake. Hakunibembeleza.

“Mkuu,” alisema, “oksijeni haisukumi kitu. Inapokea. Ikiacha kupokea, wote walio juu wanakosa kazi.”

Wiki iliyofuata alikuja kunichukua kwa gari. Lilikuwa somo lake la mwisho la ngazi. Kiti changu kikawekwa chini kabisa, yeye akapanda juu kuanzisha machungwa, huku wanafunzi wakitania kwamba oksijeni ya mwaka huu imekuja na mtungi wake. Machungwa yalinijaa mapajani, moja baada ya jingine. Sikufanya lolote zaidi ya kuwapo, na taa iliwaka hadi mwisho.

Mrija siuvui tena.

Mama Ngazi, ahsante. Muhula ujao mwalimu kijana atasimama mahali pako, nimemwona akipapima kwa macho. Wewe kaa nyumbani, wanao na wajukuu wakuletee, nawe upokee bila haya. Tunakuombea pumzi ndefu.