Bonde la Mafunjo la Mzee Placidius

Marehemu Mzee Placidius Nuwamanya alizaliwa tarehe 11 Juni 1957 katani Kimuli, zamani ikiwa ndani ya wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto pekee wa mama yake, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akasomea misitu, na mwaka 1979 akaajiriwa delta ya Rufiji, ambako yeye, mtu wa migomba, alizeeka akipima tope la mikoko katikati ya mbu na maji ya chumvi.

Tarehe 8 Novemba 1986 alifunga ndoa na Adela Kyarimpa huko Kihanga, wakajaliwa watoto wawili, Jasson na Atuhaire, na Adela alipotangulia mwaka 2011, watoto nao wakiwa Mwanza kutafuta maisha, nyumba ilibaki na sauti ya redio tu.

Alistaafu mwaka 2017 akarudi Kimuli, akakuta majirani wanachimba mtaro kukausha bonde la mafunjo, yale matete marefu ya majini, ili walime maharage, naye akawasihi waache, akiwaeleza kuwa tope la mafunjo, kama lile la mikoko, hufukia majani yaliyokufa kabla hayajaoza yakaisha, ukaa wake ukakaa humo miaka na miaka, na kwamba tope likikauka ukaa huo hurudi hewani, ukaongeza joto na ukame uleule tunaoulalamikia. Waliona anawanyima chakula. Kipande chake cha bonde alikataa kikaushwe, mtaro ukaishia hapo, na tangu siku hiyo rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikunywa peke yake, shikamoo akiipata kwa watoto wa shule tu, jambo lililomuuma sana.

Agosti 2022 watu walichoma mafunjo makavu kuandaa mashamba, kama wachomavyo nyasi za malishoni, moto ukazama ndani ya udongo, ukafukuta chini kwa chini hadi mvua zikaja, na maharage hayakupandwa. Kipande cha marehemu kilibaki na maji, ng'ombe wa kijiji kizima wakanywa hapo, ingawa wenye ng'ombe hawakupanda mlima hadi nyumbani kwake kumsalimia.

Novemba 2024 alianza kubanwa na kifua, akatibiwa, akarudishwa nyumbani, na tarehe 19 Januari 2025, akiwa na Benadeta, jirani aliyempelekea uji, aliagiza bonde lisikaushwe, akauliza kama kuna mtu nje, kisha akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Rufiji, na ninyi majirani mlioacha kazi zenu. Jasson na Atuhaire wamesema bonde litabaki na maji yake.

Pumzika kwa amani, Baba Jasson, nje kuna watu.