Aliyekuwa wa Kwanza ni Ndaya

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, Mheshimiwa Burugumesta, Bwana Rekta, mkuu wa chuo chetu, maprofesa wenzangu, wazazi wetu batata na bamama mliotoka Dilala na Musonoi, nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi mliosimama kwa sababu viti vimepewa wageni: nawasalimu wote kwa heshima.

Kabla mtu hajavuta kitambaa kile ukutani, nawaomba mkiache. Nyuma yake hakuna kitu. Kibao cha kuupa ukumbi huu jina langu nimekifungua mwenyewe leo asubuhi kwa bisibisi, na Bwana Rekta ananitazama sasa kama mtu asiyenijua. Ana haki. Naomba tu anisikilize.

Katika kijitabu mlichogawiwa mlangoni imeandikwa kwamba Séraphin Nkulu alikuwa mwanafunzi bora wa sekondari yake mwaka 1993, na kwamba kwa juhudi zake peke yake akawa mtoto wa kwanza wa mtaa wetu kupata licence, shahada ya chuo kikuu, ya uchumi. Nani aliandika haya? Aliniuliza? Darasani mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Ndaya, binti wa tata Mulumba, fundi wa pampu aliyefanya kazi mgodini Musonoi miaka ishirini na sita.

Mwaka ule wa mwisho wa sekondari, mwalimu wetu, mama Odile, alitupatia programu ya kitivo cha uchumi cha Lubumbashi, kurasa tatu zilizofifia. Wengi wetu tulisoma majina ya masomo tukatishika. Ndaya alikaa nayo wiki nzima, kisha akaichora miaka yote mitano juu ya karatasi moja kubwa. Aliona kwamba takwimu za mwaka wa pili hazishikiki bila hisabati ya mwaka wa kwanza, na kwamba hisabati yetu sisi wa sehemu ya biashara ilikuwa nyembamba. Basi akapanga tuanze kuijaza mapema, kila Jumamosi, kwa mama Odile. Hata swali la kazi yake ya mwisho alikuwa amelichagua, akiwa na miaka kumi na minane: kwa nini mji unaotoa shaba yote hii hununua unga wake kutoka mbali? Mimi nilikuwa nimepanga nini? Kukaa karibu naye darasani.

Mwezi wa pili orodha ya bourse, msaada wa kulipiwa masomo ya chuo kikuu, ilibandikwa. Sehemu yetu ilikuwa na nafasi moja, na jina lilikuwa la Ndaya.

Mnaukumbuka mwaka ule, ninyi wa umri wangu. Mashine zilikuwa zinasimama moja moja, mishahara haifiki, na watu walitaka wa kumlaumu. Wakapewa. Katika mikutano ilisemwa kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama tata Mulumba, warudi kwao. Waliitwa bilulu, wadudu. Tata Mulumba arudi wapi? Ndaya alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasai hakuijua hata kwa picha.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake limeandikwa langu. Hakukuwa na mtihani mpya wala barua. Sahihi tatu tu. Mmoja wa walioweka sahihi zile ameketi safu ya mbele leo, amealikwa kama mzee wa elimu. Simtaji, kwa sababu yuko mwingine ninayepaswa kumtaja kabla yake, na huyo ni mimi. Mama Odile alikwenda ofisini kupinga. Alinipitia nyumbani ili twende wote. Nilimwambia naumwa. Sikuwa naumwa.

Familia ya tata Mulumba ilifukuzwa nyumbani, ikangoja treni ya kwenda Kasai wiki tano pale stesheni, wakilala juu ya saruji pamoja na mamia ya wengine, mvua ikiwanyeshea. Wiki ya tatu nilikwenda. Nilimkuta Ndaya anafua nguo za wadogo zake. Hakuniuliza habari ya orodha. Alifungua sanduku, akatoa ile karatasi kubwa.

“Shika,” akaniambia. “Mi sijuwe kama masomo iko kule tunaenda. We utaitumikisha.”

Nikaishika. Nikasema asante, nikaenda zangu. Mdogo wake wa mwisho alikufa kwa kuhara ndani ya behewa, kabla hawajafika Mwene-Ditu.

Na mimi? Niliifuata karatasi ile miaka mitano, mstari kwa mstari. Kazi yangu ya mwisho, ile ambayo kijitabu kinaisifu, ni swali lake la unga na shaba. Jina lake halimo hata kwenye shukrani. Hizo ndizo juhudi zangu peke yangu!

Mwezi uliopita, niliposikia kwamba ukumbi huu utapewa jina langu, nilikwenda Mwene-Ditu kumtafuta. Anafundisha shule ya msingi. Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamwambia nitaomba ukumbi uitwe kwa jina lake, na nilidhani nimemletea kitu. Akakataa.

“Mi sikutafuta ukuta, Nkulu. Nilitafuta kusoma.”

Kisha akaniuliza kama siku ile ya orodha nilimwambia mtu yeyote kwamba ilikuwa ubaya. Nikajibu hapana. Na nyuma ya pale, miaka yote hii? Hapana. Hata mke wangu? Hata yeye. Aliangalia batoto wa shule wakicheza uani.

“Basi wende useme,” akaniambia. “Mbele ya batu. Mbele yangu mi haina na kazi.”

Bwana Rekta, ukumbi ufunguliwe bila jina. Namshukuru mama Odile, aliyekwenda peke yake ofisini na ambaye hakuishi kuyasikia haya. Nawashukuru nanyi, hata mliokasirika, kwa kuniachia nifike mwisho. Nimesema, Ndaya, mbele ya watu, miaka ishirini na mitatu baada ya siku niliyopaswa kusema. Asanteni kwa masikio yenu.